Maji-Yanapanda

Bibi Dorika wa Matembwe alikuwa na miguu miwili mibovu na mtoto mmoja mwema, na aliyemchosha zaidi ni yule mtoto.

Mtoto mwenyewe ni Kefa, mzee wa kanisa, fundi cherehani wa Njombe mjini, mtu wa suti nyeusi na maneno machache. Wema wake hakuna aliyeupinga. Alimletea mama yake chumvi, sabuni na blanketi, akamwezekea nyumba upya. Lakini ulikuwa wema wa kukuamulia. Ukisema una njaa, yeye ndiye atakayekwambia njaa yako ni ya ugali au ya viazi, na usipokubali atakungoja kwa upole mpaka ukubali. Watu wa namna hiyo huwezi kuwagombeza, na hilo ndilo linaloudhi.

Basi mwaka ule, vita vya pili vikiwa vimeisha miaka sita, daktari mmoja wa misheni aliitazama miguu ya Bibi Dorika iliyovimba kwa baridi ya Njombe, akasema ingemfaa kukaa kidogo mahali pa joto, aikande miguu kwa maji ya uvuguvugu. Kefa akafikiria sufuria. Bibi Dorika akasema upesi, kabla sufuria haijatajwa, "Nipeleke Ziwa Nyasa."

Kefa alidhani ni miguu iliyosema vile. Haikuwa miguu.

Marehemu mume wake, Enoki, alichukuliwa upagazi katika vita vya Mjerumani na Mwingereza, akafika mpaka ziwani. Alirudi amekonda, ana kikohozi, na habari moja tu aliyotaka kuisimulia. Alisema maji ya Ziwa Nyasa ni ya moto kama uji ulioachwa upoe, na hayakai chini. Yanainuka, yanapanda nchi kavu, yanampiga mtu kifuani, yanamwangusha, kisha yanarudi kwao. "Mimi yaliniangusha mara tatu," alisema, na alinyoosha vidole vitatu kila mara.

Sasa waambie watu wa Matembwe kwamba maji yanapanda. Wamezaliwa mteremkoni, wamekulia mteremkoni, mito yao yote inajua njia moja. Mzee Lameki, jirani na rika lake Enoki, ndiye aliyempa jina: Maji-Yanapanda. Likamganda. Watoto wakalipigia kelele njiani. Kefa akalibeba mpaka shuleni, akapigana kwa ajili yake, akapigwa, akajifunza kunyamaza.

Na Dorika je? Dorika alicheka. Jioni moja watu walikuwa wamejaa uani kupukuchua mahindi, Enoki akaanza tena habari zake na vidole vyake, naye mkewe akasema kwa sauti ya kusikika na wote, "Labda kilichokuwa kinapanda ni ulanzi uliokunywa, baba Kefa, nao ulikuwa unakupanda wewe kichwani." Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Enoki aliweka gunzi chini, akainuka, akaingia ndani. Hakuisimulia tena habari ile. Ukweli ni kwamba tangu jioni ile hakumsimulia mkewe habari yoyote, zaidi ya kuuliza jembe liko wapi. Akafa mwaka wa nzige.

Neno lile lilikaa kooni mwa Dorika karibu miaka ishirini. Alitaka kitu kimoja kabla hajafa: kuyaendea maji yale, na yakiwa kweli yanapanda, yampige na yeye. Kisha arudi Matembwe aseme mbele ya wote waliocheka, akianza na nafsi yake, kwamba Enoki alisema kweli. Kefa hakuambiwa. Kumtajia Kefa habari ya maji ya baba yake ilikuwa sawa na kumkanyaga kidonda.

Safari yenyewe ilianza kwa kungoja. Ijumaa walifika Makambako mapema, maana Filbert, dereva wa lori la kupeleka viazi ziwani na kurudi na mchele, alisema wataondoka saa tatu. Saa tatu viazi havijafika. Saa sita vimefika, magunia hayajashonwa. Upepo wa Makambako ulimjaza bibi vumbi masikioni, na Kefa alikaa kando yake juu ya sanduku akisoma kitabu cha nyimbo kana kwamba yuko sebuleni kwake.

"Mwambie Filbert jua linakwenda," alisema Dorika.

"Mama, tulia. Tutafika."

"Kurudi ni lini?"

"Jumapili mchana. Filbert halali mara mbili."

Siku mbili tu, basi, na moja inaliwa na magunia. Waliondoka saa tisa.

Walifika Jumamosi saa nne asubuhi, mifupa yote ikiwa imehama mahali pake. Joto la kule lilimpokea bibi kwa makofi. Alikuwa amevaa sweta mbili na blanketi, kama mtu yeyote mwenye akili anayetoka Njombe mwezi wa tano, na hakukubali kuvua hata moja, maana hakuamini joto lisilo na moto. Filbert aliwashusha kwa Kristina, shemeji yake, mwanamke mnene mchangamfu aliyekuwa akianika samaki.

"Ugonile, mama," alisalimia Kristina.

"Kamwene," alijibu Dorika, lakini hakumtazama. Alikuwa anasikiliza. Nyuma ya migomba kulikuwa na kishindo, kikaja, kikaanguka, kikatulia, kikaja tena.

Kefa alimbeba mgongoni mpaka mwisho wa migomba, na hapo bibi akaliona ziwa. Maji yaliinuka mbali, yakaja yamekunja shingo, yakavunjika meupe, yakapanda juu ya mchanga. Yakapanda! Kisha yakageuka, yakarudi kwao. Mwili wote wa Dorika ulimsisimka ndani ya sweta mbili.

"Nishushe," alisema. "Nipeleke pale."

Kefa alisimama akiyatazama maji kwa jicho la mtu wa mtoni. "Hapana, mama. Yamejaa. Mvua imenyesha milimani usiku. Tungoje, alasiri yatapungua."

Ndivyo tunavyofanya sisi kwetu. Mto wetu Ruhuji ukijaa, hushindani nao. Unachomeka kijiti ukingoni, unakaa, unatafuna hindi lako. Kijiti kikibaki pakavu, unavuka. Kefa alivunja kijiti, akaenda kukichomeka pale maji yalipoishia, akarudi kukaa. Wimbi lililofuata lilikichukua. Akachomeka cha pili, juu zaidi. Nacho kikaenda. Watoto wa kule walikusanyika kumtazama mgeni mwenye suti anayelilisha ziwa vijiti.

Kristina alimwonea huruma. "Kaka, huku kwetu si hivyo. Ziwa hutulia alfajiri. Jua likipanda na upepo wa kusini unaamka, na kadiri siku inavyokwenda ndivyo linavyokasirika. Ukingoja alasiri utaona maajabu."

"Ahsante, dada," alisema Kefa kwa upole. "Lakini mimi nimevuka mito tangu utotoni."

Akachomeka kijiti cha tatu.

Dorika alikuwa kwenye mkeka, hatua thelathini kutoka kwenye kitu alichokililia miaka ishirini, hana miguu ya kumfikisha. Na alipowasikiliza wale wawili aliona jambo la kumtia wazimu. Mmoja alitaka maji yatulie alasiri, mwingine alitaka yatulie alfajiri, na hakuna hata mmoja aliyemuuliza yeye kama anataka yatulie.

Saa kumi mawimbi yalikuwa yamepita kichwa cha mtu. Kefa alikuwa amekwisha chomeka vijiti saba, na cha mwisho alikichomeka karibu na migomba.

"Nipeleke hivi hivi," alisema Dorika.

"Mama, daktari alisema maji ya uvuguvugu. Hakusema vita."

"Kefa, tazama vizuri. Hayo maji yanafanya nini?"

Kefa alipangusa mchanga kwenye suruali.

"Baba yako alisema..."

"Mama." Uso wa Kefa ulifungwa kama duka. "Tusianze. Haya maji yamefurika tu. Kufurika si kupanda."

Jamani! Mtu ana macho mawili, kitu kiko mbele yake kinanguruma, na bado anakitafutia jina jingine. Dorika alitamani kumchapa, mzee wa kanisa au si mzee wa kanisa. Alivuta blanketi mpaka kichwani, akakataa samaki, akakataa wali, akalala na hasira yake.

Alfajiri ya Jumapili, kama mkosi, Kefa alimsikiliza Kristina. Wazo la kijiti lilikuwa limemwishia. Alimwamsha mama yake kwa furaha, akambeba mbio mpaka ziwani, na ziwa lilikuwa limelala. Hapakuwa na wimbi, hapakuwa na kishindo, maji yamenyooka mpaka yanapokutana na mbingu, na kando kabisa yanagusa mchanga kidogo kama paka anayekunywa maziwa.

"Umeona, mama?" Kefa alikunja suruali, akamwingiza, akamkalisha maji yakimfika kiunoni, akaanza kumkanda miguu. "Maji ni maji. Ni subira tu iliyotakiwa."

Maji yalikuwa ya moto. Hilo Dorika alilikubali, na moyo ukampiga, maana nusu ya uongo wa Enoki ilikuwa kweli. Lakini nusu haitoshi. Kwa nusu hiyo atakwenda kusema nini Matembwe? Kwamba amekaa katika beseni kubwa? Aliyapiga maji kwa kiganja, akayapiga tena. Hayakujibu.

"Amka," aliyaambia kwa Kibena. "Amka, mvivu wewe."

"Unasemaje, mama?"

"Naomba," alisema Dorika.

Kisha ikawa kanisani, na mhubiri wa kule alihubiri juu ya subira, saa nzima na robo, mpaka Dorika akaona hata Mungu amekula njama na Kefa. Kupitia dirishani alisikia migomba ikianza kuchakarika. Upepo ulikuwa umeamka. Katikati ya mahubiri kilisikika kishindo cha kwanza, cha pili kikafuata, naye amebanwa kwenye benchi, kushoto Kefa, kulia ukuta.

Walipotoka, honi ya Filbert ilikuwa inalia. Kefa alimkalisha mama yake kwenye mkeka mwishoni mwa migomba. "Ngoja hapa dakika tano. Naenda kukutengenezea mahali pa kukaa juu ya magunia. Usiondoke."

"Niondoke niende wapi, na miguu hii?"

Kefa alipopotelea nyuma ya nyumba, Dorika alimtuma Kristina maji ya kunywa. Kisha akavua blanketi. Akavua sweta ya kwanza, akavua ya pili. Na kwa kuwa miguu ilikataa kumbeba, alikaa chini, akaegemeza mikono nyuma, akaanza kujikokota kwa makalio kama mtoto asiyejua kutambaa. Mchanga ulimuunguza viganja. Alitukana mchanga, akamtukana daktari, akavitukana vijiti vyote saba. Akaenda.

Wimbi la kwanza halikumngoja afike. Lilimfuata lenyewe mpaka pale alipokuwa, juu, pakavu, likampiga kifuani na kumlaza chali. Lilimwingia puani. Likamburuta, likamwacha. Dorika alikaa, akatema mchanga.

"Moja," alisema.

La pili lilimgeuza kifudifudi, likampora kitambaa cha kichwa. "Mbili!" alipiga kelele, na hakujua kama analia au anacheka, uso wote ulikuwa maji.

"Mama! Mama!" Kefa alikuja mbio, viatu, suti, kofia na vyote, akamshika kwapani. Naye alifanya anavyofanya mtu wa kwetu akimwokoa mtu mtoni: alimwinamia na kuyapa maji mgongo, kwa sababu mto hukupita, haukurudii. Wimbi la tatu lilimkuta hivyo. Lilimnyanyua mzee wa kanisa pamoja na heshima yake, likambwaga kichwa chini miguu juu, likawapandisha wote wawili mpaka karibu na migomba na kuwatupa pale kama nguo za kufua.

"Tatu!" alisema Dorika, akihema. "Kefa, mwanangu, umeona? Mara tatu, kama alivyosema!"

Kefa alikohoa muda mrefu. Kofia ilikuwa imekwenda Nyasaland, ng'ambo ya ziwa. Alichungulia kushoto, akachungulia kulia, kuona nani ameona.

"Twende garini, mama," alisema.

Njia nzima hakusema neno. Baridi ya Makambako ilipowapokea alilivua koti lililokuwa bado bichi, akalikunja, akaliweka sandukuni. Dorika hakumsumbua. Alidhani mwanawe analia moyoni kwa ajili ya baba yake, na mtu akilia hivyo humsemeshi.

Jumamosi iliyofuata watu walijaa tena uani kwa Dorika kupukuchua mahindi. Mzee Lameki alikuwepo, amebakiwa na meno mawili, na Hulda binti yake, na majirani wengine. Kefa naye alikuja kutoka Njombe na suti yake, kwa kuwa kesho yake alikuwa na zamu kanisani pale Matembwe. Dorika alingoja mpaka wote wamekaa. Kisha alisimulia. Alisimulia joto, kishindo, wimbi la kwanza, la pili na la tatu, na bila kujua alinyoosha vidole vitatu.

Kicheko kilianza kwa Lameki. "Loo! Kumbe ugonjwa wa Enoki unaambukiza!" Hulda akajifunika uso kwa kanga, mabega yakamtikisika. Punde ua wote ulikuwa unacheka, kicheko kile kile, kana kwamba kilikuwa kimehifadhiwa ghalani miaka yote hii.

"Muulizeni Kefa!" alisema Dorika. "Mimi ni mwanamke mzee, haya. Muulizeni mzee wenu wa kanisa!"

Wakamgeukia. Watu walitulia, maana neno la Kefa lilikuwa halipimwi mara mbili pale Matembwe. Kefa alilitazama hindi mkononi mwake.

"Nilimwingiza mama ziwani asubuhi," alisema taratibu. "Ziwa lilikuwa limetulia. Lilikuwa limetulia kabisa."

"Na mchana?" aliuliza Hulda.

"Mchana tulisafiri."

Hakusema uongo hata neno moja. Watu walicheka upya, kwa huruma sasa, na mtu mmoja akasema jua la kule ni kali kwa wazee. Dorika alihisi kitu kikimshuka kutoka kooni mpaka tumboni, kizito, na akakijua ni nini. Ni kile alichokibeba Enoki alipoweka gunzi chini na kuingia ndani. Kumbe kiliuma hivi! Kumbe mtu anaweza kuwa na kweli mwilini mwake na watu wake mwenyewe wakaifanya kichekesho, na wa kwanza wao ni yule uliyemtegemea akusemee.

Lakini Dorika hakuwa Enoki. Hakuingia ndani.

"Kefa, njoo hapa."

Kefa alikuja, maana alikuwa mtoto mwema.

"Inama."

Akainama. Koti lilikuwa limepigwa pasi likang'aa, lakini alilipiga kwa nje; ndani hakuwa na moyo wa kuligusa. Dorika aliingiza vidole viwili katika mfuko wa kifuani, ule wa ndani, akaupindua nje. Mchanga ukamwagika mkekani juu ya mahindi, konzi nzima, na katikati yake kasamaki kadogo kalikokauka, usipa, wale dagaa wa ziwani.

"Mwanangu," alisema, "wewe ni mrefu kuliko wote hapa. Hayo maji yaliyotulia yalifikaje kifuani kwako?"

Hakuna aliyecheka. Mzee Lameki alisogea kwa magoti, akachota mchanga, akamnusa yule samaki, akamrudisha mahali pake kwa uangalifu. Alimtazama Kefa.

"Yalipanda," alisema Kefa. "Yaliniangusha. Niliyapa mgongo kama mtoni, yakaniangusha. Niliona haya kusema. Baba alisema kweli."

"Basi Enoki alisema kweli," alisema Lameki.

"Alisema kweli," alisema Hulda, na wengine wakaitikia, mmoja mmoja, kama wanavyoitikia watu msibani.

Hilo ndilo neno Dorika alilokwenda kulitafuta mpaka Ziwa Nyasa kwa makalio. Alikuwa amefikiri likija litamtua mzigo. Badala yake hasira ilimpanda, hasira isiyo na wa kumpiga, na machozi yakamtoka mbele ya watu wote.

"Mnaniambia mimi?" alisema. "Mimi nililewa kicheko kuliko ninyi nyote. Mwambieni yeye."

Mzee Lameki alinyoosha mkono kuchukua gunzi aendelee kupukuchua, akaona aibu, akaurudisha.